Tiketi Aliyotumiwa Walii

Tiketi iliingia kwenye simu ya Rehani akiwa dukani, na jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuza simu upande wa mgongo, kana kwamba huko nyuma angekuta maelezo zaidi. Hakuyakuta. Akaigeuza tena, akaisogeza mbali kidogo na macho, akasoma: Mpanda kwenda Dar es Salaam, Alhamisi, saa tisa alasiri, shirika la ndege la Mbayuwayu. Halafu akaiona bei, roho ikamruka. Si kwamba ilikuwa kubwa. Ilikuwa ndogo mno.

"Mwanaiddi," alimwita mkewe, "hebu njoo uone maajabu. Nauli ya ndege, halafu ni ndogo kuliko ya basi."

Mwanaiddi alikuwa upande wa pili wa kaunta anapima dagaa wa Karema. Alijifuta mikono kwenye kanga, akasoma, akamrudishia simu. "Sasa kosa liko wapi? Mtu kakukatia tiketi, wewe shukuru."

"Ndege inakunywa mafuta kuliko basi. Rubani analipwa kuliko dereva. Hiyo tofauti anailipa nani?"

"Wewe siku unazaliwa ulimwomba mkunga kitambulisho," alisema Mwanaiddi, akarudi kwenye mizani yake.

Sokoni hapo Mpanda kila mtu aliijua tabia ya Rehani. Ukimpa noti ataiinua juani. Asali ya Inyonga hainunui mpaka azamishe kijiti hadi chini ya dumu aone kama kuna maji ya sukari. Kijana akimsalimia kwa heshima iliyozidi, mkono wake unaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Lakini tusimcheke haraka. Mtu aliyefanya biashara miaka mingi amefundishwa na hasara, na hasara ni mwalimu asiyekuwa na huruma hata chembe.

Aliyekata tiketi ni Farhan, kijana wa Dar es Salaam, mchumba wa Hadia. Na Hadia ndiye jambo lenyewe. Alikuwa binti wa marehemu Uwesu, kaka mkubwa wa Rehani. Uwesu alipofariki alimwacha Hadia bado anavaa sare za shule ya msingi, hana kaka wala babu, na kwa hiyo baba yake mdogo Rehani ndiye aliyebaki kuwa walii wake. Bila walii kutamka, hakuna ndoa. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua.

Ila Uwesu hakumwachia mdogo wake uwalii peke yake. Alimwachia na sharti. Kulikuwa na dada yao, Bushra, aliyeolewa na mtu wa kandokando ya ziwa. Siku ya ndoa walipomuuliza kama ameridhia, Bushra alinyamaza, na kwa kawaida ya watu wetu mwari akinyamaza ndiyo amekubali, anaona haya tu. Wazee walikuwa wamekaa nje ya pazia. Waliusikia ukimya, wakaupokea, wakala pilau. Uwesu peke yake alikuwa amesimama mahali ambapo pazia halikufika, akaona machozi ya dada yake yanadondokea mapajani. Akajiambia kuwa wanawake wote hulia siku hiyo. Bushra alirudi nyumbani baada ya miaka, mkono mmoja haukunyooka tena, na aliishi hivyo mpaka alipozikwa.

Kwa hiyo Uwesu, naye alipokuwa anakata roho, alimshika Rehani kifundo cha mkono akasema, "Usimwoze mwanangu kwa kusikia. Ukimuuliza akinyamaza, mtazame." Rehani aliapa. Na kweli, Hadia alikuwa mtoto wa kunyamaza. Akifurahi ananyamaza, akiumia ananyamaza. Tofauti ilikuwa kwenye midomo tu. Akiwa na furaha aliibana kuzuia kicheko, na akiwa na uchungu aliivuta ndani mpaka isionekane. Duniani waliokuwa wanaijua tofauti hiyo walikuwa watu wawili, na mmoja tayari alikuwa kaburini.

Ndiyo maana Rehani alitaka ndoa ifungiwe Mpanda, nyumbani kwake Misunkumilo, kwani binti huolewa kwao. Farhan ndiye aliyembembeleza akabadilisha. Hadia anafanya kazi Dar, alisema, ndugu zake mwenyewe Farhan ni wengi, ukumbi umeshapatikana, na siku hizi kuna Mbayuwayu, baba, unapanda ndege mchana, jioni uko kwetu unakunywa chai. Neno hilo la ndege lilimlainisha. Alikubali, na tangu siku aliyokubali hakulala vizuri.

Jioni ile Farhan alipiga simu. "Baba, umeiona tiketi?"

"Nimeiona. Hapa chini pameandikwa nini, haya maandishi madogo kama mayai ya chawa?"

Farhan alicheka. "Hayo ni masharti tu, baba. Hakuna anayeyasoma."

"Sasa kama hakuna anayeyasoma, kwa nini wamehangaika kuyaandika?"

Farhan akasema kwamba ni mambo ya kawaida, kwamba tiketi za bei hiyo hazirudishiwi pesa, na kwamba mzigo ni begi dogo la mkononi. Kama baba ana mzigo zaidi, alipie sasa hivi kwa simu, maana akilipia uwanjani watamtoza mara tatu.

Rehani alikuwa na madumu mawili ya asali, kwa sababu walii hawezi kuingia ukweni mikono mitupu. Lakini kulipia kwa simu? Mpanda nzima inajua kwamba mzigo haulipiwi kabla haujapakiwa. Kondakta wa basi anapewa chake ukishaliona gunia lako limeingia buti kwa macho yako. Anayetoa pesa kabla si mfanyabiashara, huyo anatoa sadaka. Akamwambia Farhan atalipa akifika uwanjani, mbele ya mzigo.

"Na tiketi ya mama?" Rehani aliuliza kabla hajakata simu.

"Hiyo bei ilikuwa imebaki kiti kimoja tu, baba."

Mwanaiddi alisikia. Akaendelea kukunja magunia, ila siku mbili zilizofuata chai ya dukani haikuwa na tangawizi.

Kesho yake alipita mzee Yotham, Msukuma mwenye ng'ombe huko njia ya Mwese, kununua chumvi ya mifugo. Yotham alishawahi kupanda Mbayuwayu na mkewe Esteria walipokwenda kumwona mtoto wao. Rehani akamvutia kigoda.

"Hebu niambie ukweli, mzee mwenzangu. Ikoje hiyo ndege?"

"Inaruka," alisema Yotham.

"Hilo najua. Mengine."

"Mengine ni kwamba kila kitu kina bei yake. Kapu la mke wangu walilipima, likazidi, nikalipa. Nikataka nikae na mke wangu, wakasema viti vya pamoja vinalipiwa. Nikasema basi, tumeishi pamoja miaka yote hii, tutengane saa mbili. Juu kule nikaomba maji. Msichana akaniletea mashine ya kulipia. Nikamwambia mwanangu, hata ng'ombe wangu nawapa maji bure."

Mwanaiddi alicheka mpaka akashika kaunta. Rehani hakucheka. "Na muda?"

"Muda ni wao, si wako. Sisi kurudi walituahirisha siku nzima. Mahali pa kulala tulijilipia. Ukizijumlisha zote, ningekodi gari." Yotham akanyanyua chumvi yake. "Rahisi ghali, ndugu yangu. Lakini inaruka."

Basi Rehani akawa kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka ndani ya nyumba. Kila kitu akakitazama mara mbili. Jumanne simu yake ikalia, ujumbe umeingia kutoka namba asiyoijua: "Ndugu abiria, ndege yako ya Alhamisi itaondoka saa mbili asubuhi badala ya saa tisa alasiri. Bonyeza hapa kuthibitisha."

"Hao," alisema Rehani kwa kuridhika, kama mwindaji aliyeona nyayo. "Hao wameshafika."

"Akina nani?" aliuliza Mwanaiddi.

"Matapeli. Bonyeza hapa, halafu pesa yote kwenye simu inahama. Jana wameniambia nimeshinda pikipiki. Juzi wameniandikia, 'Ile pesa tuma kwenye namba hii.' Leo wamejua nina safari."

"Wamejuaje?"

"Tapeli hakosi habari."

Nani angemlaumu? Kila mwenye simu nchi hii amepata ujumbe wa namna hiyo, na redioni kila siku tunaambiwa tusibonyeze. Rehani aliufuta. Jioni namba nyingine ikapiga, hakupokea. Ikapiga tena, akaizuia isimpigie tena kabisa. Alilala usingizi mtamu usiku ule, wa kwanza tangu akubali ndoa ifungiwe mbali, kwa sababu hatimaye alikuwa amemkamata adui na kumfungia mlango.

Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri alipanda bajaji na madumu yake mawili, kanzu mpya ndani ya begi, na kofia aliyokuwa akiivaa Uwesu. Uwanja wa ndege ulikuwa mtupu. Mlinzi alikuwa anakula mahindi ya kuchoma. Ndani, kwenye dirisha la Mbayuwayu, kulikuwa na binti mmoja ambaye kibandiko kifuani kilimtaja kuwa Romana, anajiandaa kufunga.

"Mzee, ndege imeondoka saa mbili asubuhi," alisema Romana.

"Tiketi yangu inasema saa tisa."

"Ilibadilishwa. Tulikutumia ujumbe. Tukakupigia na simu."

Rehani alishika ukingo wa dirisha. Alijisikia mjinga, ujinga ule wa kuchoma ambao mtu hataki hata mkewe auone. Akauliza kama anaweza kuondoka na ndege ya kesho. Kesho, siku yenyewe ya ndoa, hakukuwa na ndege, mpaka Jumatatu. Na hiyo ya Jumatatu angelipa nauli mpya kwa bei ya siku, kwa kuwa kwenye mashine alihesabiwa kama abiria ambaye hakutokea. Nauli ile ya kwanza? Imekwenda. Ilikuwa kwenye masharti, alisema Romana, na alisema kwa upole, maana alikuwa amekwisha kuyasema hayo kwa watu wengi wiki ile.

"Ila mzee," aliongeza akitazama kompyuta, "aliyekukatia tiketi alipata taarifa tangu Jumanne. Yeye amethibitisha."

"Amethibitisha nini?"

"Kwamba ameona mabadiliko, na amekubali."

Rehani alitoka nje, akakaa juu ya dumu moja, akampigia Farhan.

"Lo, pole sana, baba," alisema Farhan. "Mimi nilijua wamekutumia na wewe. Hawakukutumia?"

Sasa ajibu nini? Walimtumia. Hapo ndipo shaka ilipokaa vibaya moyoni mwake, maana haikuwa na pa kushika. Mtu anaona ndege ya baba mkwe wake imebadilika, anabonyeza kukubali, halafu hampigii hata kumwambia baba jiandae asubuhi? Huenda alisahau. Kijana ana harusi, ana mambo mengi. Huenda.

"Wala usihangaike na basi, baba," Farhan aliendelea, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Kesho baada ya alasiri shekhe atakupigia, utamteua mtu akuwakilishe kwa simu, ndoa inafungwa. Siku hizi wengi wanafanya hivyo. Wewe pumzika."

Aliporudi nyumbani Mwanaiddi hakumtania. Alimwekea chai yenye tangawizi. Rehani akasema, "Nimeziba mlango kwa tapeli, kumbe nimejifungia mwenyewe ndani."

"Sheria inaruhusu simu," alisema Mwanaiddi.

"Sheria haikumwapia Uwesu. Niliyeapa ni mimi."

Ijumaa baada ya alasiri simu ililia dukani. Namba ngeni. Kidole chake kilisita, tabia ni ngozi, halafu akapokea. Alikuwa shekhe, mtu mwenye sauti nzuri, akamweleza kwamba mashahidi wapo, watu wamekaa, na yeye yuko mlangoni kwa bi harusi. Angeweka simu kwa sauti kubwa ili walii amuulize binti yake, kisha walii ataje mtu wa kumwakilisha. Mwanaiddi alifunga mlango wa duka nusu, akasimama karibu.

"Hadia, mwanangu," alisema Rehani.

"Abee, ba'mdogo." Sauti ilikuwa ndogo.

"Nakuuliza kama baba yako angekuuliza. Huyu Farhan, umeridhia akuoe?"

Kimya. Rehani alisikia feni inazunguka, na mbali huko wanawake wanaimba. Alifumba macho amwone, akashindwa. Alimwona akiwa mtoto, midomo imebanwa kwa kicheko siku aliyofaulu mtihani. Alimwona midomo imevutwa ndani siku ya kaburi la Uwesu. Kati ya nyuso hizo mbili, simu haikumpa hata moja.

"Hadia?"

Kimya tena.

"Amenyamaza, mzee," alisema shekhe kwa furaha. "Na ukimya wa mwari ndiyo ridhaa yake. Tuendelee."

"Umeuona uso wake, shekhe?"

"Amejifunika, kama inavyopasa. Mtaje wakili wako."

Halafu sauti ikabadilika, simu imehamia mkononi kwa Farhan. "Baba, watu ni wengi, chakula kimeshapakuliwa. Tamka tu neno moja."

Rehani aliitazama simu. Wiki nzima alikuwa ameshuku kila kitu. Alikuwa ameshuku bei, mzigo, ujumbe wa kweli na mtu mwema aliyempigia kumwambia asichelewe. Alikuwa amezitumia shaka zake zote hovyo, kama mtu anayetupia kunguru mawe mpaka yakamwishia. Bado lilikuwa limebaki jiwe moja. Aliogopa sana kulirusha, maana kama alikosea, alikuwa anamwaibisha mtoto wake mbele ya ukumbi mzima.

"Neno langu ni moja," alisema. "Subirini."

"Tusubiri nini?"

"Nije. Kesho alfajiri napanda basi. Nikifika, nikimwona, nitatamka."

"Baba, ukumbi umelipiwa. Haurudishiwi pesa." Sauti ya Farhan haikuwa tena ya kijana aliyekuwa anacheka wiki iliyopita. "Unataka kunidhalilisha kwa ajili ya nini? Binti kanyamaza, shekhe kasema. Wewe uko huko kijijini kwenu unatusumbua."

"Basi watu wale chakula," alisema Rehani, akakata simu.

Simu ililia mara nyingi baada ya hapo. Shangazi wa Farhan alipiga, akasema maneno ambayo Rehani hakumrudishia. Shekhe alipiga, akamkumbusha kwamba walii asizuie ndoa bila sababu. Rehani akajibu kwamba hazuii, anakuja. Hadia hakupiga. Hilo ndilo lililomuumiza. Alikaa juu ya gunia la mchele akawaza kwamba amemharibia mtoto siku yake kwa sababu ya wasiwasi wa kizee, na kwamba Hadia hatamsamehe mpaka kufa.

"Na kama alikuwa anatabasamu?" alimuuliza mkewe.

"Basi utamwomba radhi, na utazeeka ukimwomba," alisema Mwanaiddi.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama ujumbe ulipoingia. Namba hii aliijua. Aliusoma, akampa Mwanaiddi, naye akausoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine: "Asante ba'mdogo. Njoo."

Mwanaiddi alikaa chini palepale. "Bi harusi gani," alisema, "anashukuru ndoa yake kuahirishwa?"

Rehani alitembea mpaka stendi. Kwenye kibanda cha tiketi wakala alimtajia nauli ya juu kabisa, ile wanayowatajia wageni, akajiegemeza kitini kusubiri ubishi, kwa sababu alimjua mzee huyu. Rehani alitoa pesa akahesabu, akampa yote. Hakuinua noti juani wala kuuliza basi ni zima au bovu. Aliuliza tu linaondoka saa ngapi, akaomba aambiwe mara ya pili.

"Una mzigo, mzee?" aliuliza wakala akiandika.

"Sina."

Nyumbani Mwanaiddi alikuwa amepanga begi mlangoni, na madumu mawili pembeni yake. Rehani alilichukua begi, akayasogeza madumu kwa mguu mpaka ukutani.

"Asali huichukui?"

"Asali ni ya harusi," alisema Rehani, akaingia kuoga apate kulala mapema.